Likizo Isiyo na Makabidhiano

4 Februari

Mwanangu mpendwa,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapopewa likizo ni kudhani kwamba likizo ni mahali. Mtu anatoka ofisini, anafika nyumbani, anavua viatu, basi anajihesabu kuwa yuko likizoni. Sivyo. Likizo haianzi mlangoni pa nyumba yako. Inaanza pale mtu mwingine anaposimama mbele za watu na kusema, "Nimepokea." Kabla ya neno hilo, hata ukienda kulala mwezini, kazi bado ni yako.

Nisamehe, nimetanguliza somo kabla ya salamu. Ndiyo tabia yangu na hainiachi. Sasa, u hali gani? Mtoto hajambo? Maziwa yanatoka? Mgongo je? Mimi sijambo, ila masikio ndiyo yanazidi kugoma. Kwenye simu siku hizi nasikia nusu ya maneno, na nusu nyingine naitunga mwenyewe, kwa hiyo tuendelee na barua. Barua hainisemeshi kwa haraka.

Mumeo ameniandikia habari njema. Amenieleza pia kwamba uchungu ulikushika kikaoni, na kwamba ukiwa tayari umepanda kitanda cha kujifungulia ulimwomba mkunga akushikie simu umalizie jambo la nondo. Mkunga akakuuliza, "Dada, kati ya nondo na mtoto, nani anatoka leo?" Nilicheka hadi nikapaliwa. Kisha nikaacha kucheka.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa nikipanga ratiba za ujenzi wa barabara, na swali la kwanza tulilokuwa tukimuuliza mtu anayeondoka lilikuwa moja. Nawe nakuuliza: huo mradi wa soko umemkabidhi nani? Simaanishi nani amekaa kwenye kiti chako. Kiti hukaliwa na yeyote mwenye makalio. Nauliza nani amepokea.

Mbusu mtoto.

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mtoto mzima zaidi yetu sote, ananyonya kama mtu aliyeambiwa maziwa yanafungwa saa sita. Mgongo unauma kidogo, lakini si wa kulalamikia. Pole kwa masikio.

Swali lako limenikaa kooni. Jibu ni kwamba hakuna aliyepokea. Makabidhiano yalikuwa ajenda ya mwisho siku ile. Tulikuwa bado katikati, tunabishana juu ya mchanga, chupa ikapasuka. Mkurugenzi aliinua miguu yake juu kama aliyeona nyoka, akasema, "Kikao kimeahirishwa!" Hadi leo hakijaitishwa.

Anayekaa kwenye kiti changu ni msaidizi wangu, yule kijana tunayemwita Miwani. Si mtu mbaya, Shangazi. Ana bidii, ana heshima, anajua kila kitu isipokuwa kile anachoulizwa. Basi ananipigia. "Dada, dakika moja tu." Asubuhi, mchana, jioni, kama dawa. Na mimi namjibu, kwa sababu mambo mengi ya soko lile hayako popote ila kichwani mwangu. Unakumbuka soko la zamani linabomolewa vipande vipande huku jipya likipanda pembeni yake. Nilikaa na wachuuzi msimu mzima juu ya makreti yaliyopinduliwa hadi tukakubaliana nani ahamie kwanza: nafaka, kisha mboga, samaki mwisho. Hayo hayamo kwenye ramani yoyote.

Mume wangu anashonea palepale sebuleni, kwa hiyo anasikia kila kitu. Juzi alisimamisha cherehani akasema, "Mke wangu, likizo umepewa wewe, simu yako haikupewa." Nikamjibu kwamba ni dakika moja tu. Akasema, "Dakika zenu za ofisini ni ndefu. Mimi hii ni suruali ya pili naimaliza."

Kinachonishangaza ni kwamba sijui niko wapi. Nikimnyonyesha mtoto nafikiria zege. Nikizungumzia zege nafikiria kama mtoto ameoga. Jana nilimwambia Miwani, "Mgeuze ubavu," naye akaniuliza, "Nani, dada, mkandarasi?" Tena mtoto hasinzii nikimwimbia. Anasinzia nikimsomea ratiba ya kazi.

Je, nakosea kumjibu? Nisipojibu, soko litaharibika, na wale wanawake wamesubiri sana.

Mwanao


2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi kusikia ni wazima, na nimecheka juu ya mkandarasi kugeuzwa ubavu. Wapo ambao ingewafaa.

Hukosei kumjibu. Unakosea mahali unapomjibia. Nitakueleza, uwe na subira nami.

Msaada wa kazini ni kama taa. Ukiiweka juu ya meza, kila aliye chumbani anaona kwa taa yako na anajua ni yako. Ukimmulikia mtu mmoja gizani, yeye ataona njia vizuri, na wengine watasema, "Kijana yule ana macho!" Hakukuibia. Hata yeye mwenyewe baada ya muda ataamini kwamba ana macho. Wanawake wengi niliofanya nao kazi walizimikia hapo, mwanangu, na si kwa sababu walionewa na mtu mbaya. Walikuwa na huruma na kazi, hawakutaka iharibike, wakaitengeneza kimyakimya. Kazi iliyotengenezwa kimyakimya huonekana kama kazi isiyohitaji kutengenezwa.

Kwa hiyo mwombe mkurugenzi kikao kifupi. Useme yaliyokwisha, yaliyobaki, na yale yaliyo kichwani mwako tu. Miwani apokee mbele za watu. Baada ya hapo akipiga, mwambie mchana kweupe, "Niulize kwenye kikao cha wiki, wote wasikie."

Utaniuliza: nikiwapa yote, watanihitaji kwa lipi? Najua utauliza kwa sababu kila mtu huuliza. Nami nakiri jibu langu lina ukungu kidogo. Naamini kinachotolewa hadharani hubaki na jina la mtoaji. Nimeona ikiwa hivyo mara nyingi. Sikuapii kwamba ni mara zote.

Shangazi yako


28 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na masikio yamepata nafuu. Mtoto sasa anacheka, hasa na tepu ya kupimia iliyo shingoni mwa baba yake. Anaishika, hataki kuiachia, na wateja wanapimwa huku baba mtu ameinama kama mbuzi aliyefungwa kamba.

Nimeomba kikao kama ulivyosema. Mkurugenzi hakunijibu kwa simu, alikuja mwenyewe nyumbani. Alileta beseni zuri na nguo za mtoto, akakaa pale kwenye kiti cha wateja. Nikamwambia, "Mkuu, tufanye makabidhiano, hata kwa saa moja." Akasema, "Mama, usijisumbue. Wewe sasa kazi yako ni hii hapa," akamnyooshea mtoto kidole. "Kule kunakwenda vizuri kabisa." Alisema kwa upole, Shangazi, upole wa kweli. Nikamshukuru. Alipoondoka nikabaki nimeshika beseni, sijui kama nimependwa au nimefukuzwa.

Kisha, wiki iliyopita, Miwani aliamua kuharakisha. Akafunga lango la soko la zamani, akatangaza wote wahamie kwa mpigo. Wachuuzi wakakaa chini langoni, hapiti mtu wala toroli. Kiongozi wao ni yule tunayemwita Mama Vitunguu. Miwani akanipigia, sauti imekauka. "Dada, wamekaa. Nifanye nini?"

Nikamwambia afungulie simu spika. Mtoto alikuwa kwenye titi. Nikamsikia Mama Vitunguu akifoka, "Wewe kijana, mwenye mradi yuko wapi?"

"Niko naye hapa, mama."

"Wapi, mfukoni?"

Nikapaza sauti, "Mama Vitunguu, ni mimi."

"Ala! Bi Ratiba! Kumbe uko hai! Umezaa nini?"

"Msichana."

Wakapiga vigelegele hadi mtoto akaachia titi. Kisha tukazungumza. Niliwaambia mpango ni uleule: nafaka wameshahamia, wafuate mboga, samaki mwisho, na lango lifunguliwe sasa hivi. Mama Vitunguu akasema, "Tulitaka kusikia hilo tu." Wakainuka, wakakung'uta kanga zao.

Mkurugenzi alifika baadaye, akakuta lango liko wazi na toroli zinapita. Miwani mwenyewe amenisimulia. Aliulizwa, "Kijana, umewezaje?" Akajibu, "Tumezungumza nao, mkuu." Akapigwa bega.

Hakusema uongo. Ni kweli tulizungumza. Nami nilifurahi kwa ajili ya soko, nikafurahi siku nzima. Halafu jioni, ninakunja nepi, furaha ikaondoka, na sijui ilikokwenda.

Mwanao


6 Aprili

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Hongera kwa msichana anayefunga baba yake kamba mapema.

Nitaandika kifupi kwa sababu nimeisoma barua yako kwa mashaka. Umezuia mgomo ukiwa umekaa kitandani, na sijui nikupe hongera au pole. Wachuuzi wanajua ni wewe. Miwani anajua ni wewe. Mumeo anajua, mtoto anajua. Asiyejua ni mmoja tu, na huyo mmoja ndiye anayeandika barua za kupandisha na kushusha watu.

Kikao alikukatalia kwa beseni. Kiombe tena, bila beseni. Mwandikie, usingoje aje.

Shangazi yako


3 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kukuandikia. Sisi ni wazima wa afya, ya moyoni ndiyo siwezi kuyapima.

Sikumwandikia mkurugenzi. Kila siku nilisema kesho. Kisha barua ikatoka kwake, nzuri, ya heshima. Inasema Miwani "ameonyesha uwezo mkubwa wa kuendesha mradi na kusuluhisha migogoro", kwa hiyo anathibitishwa kuwa meneja wa mradi. Mimi nikirudi mwisho wa mwezi nitapewa nafasi nyepesi makao makuu, kupokea wageni wa miradi na kutunza kumbukumbu, "ili upate muda wa kutosha na mtoto". Mshahara haupungui. Mwisho ameandika kwa mkono wake mwenyewe: Natumaini utafurahi.

Shangazi, yaliyo ndani yangu ni fujo. Nilisoma nikalia kwa hasira. Nikasoma tena nikaona imeandikwa kwamba nitakuwa natoka kazini mapema, nikajiona nikifika nyumbani mtoto bado yu macho, nikatamani. Kweli nilitamani. Kisha nikaona aibu kwa kutamani. Kisha nikakasirika kwamba nimeona aibu. Mume wangu aliniuliza, "Nikupikie chai ya furaha au ya msiba?" Nikamwambia sijui. Akapika, akaiweka mezani, akasema, "Hii ni ya kungojea."

Kesho yake asubuhi Miwani alipiga. Kwa mara ya kwanza niliiangalia simu ikilia hadi ikanyamaza. Akatuma ujumbe: "Dada, wiki ijayo tunahamisha samaki. Kuna la kuzingatia?"

Lipo. Mfereji wa upande wa samaki ulipokuwa ukichimbwa ulikutana na mwamba, tukaukunja. Ulipokunjwa mteremko ukapungua. Mimi na fundi mkuu tulikubaliana ujaribiwe kwa maji kabla mtu yeyote hajaingia. Tulikubaliana hivyo tukiwa tumesimama pale, siku moja kabla sijajifungua, na fundi yule sasa amehamishiwa mradi mwingine. Maji yakigoma kwenye kona yatarudi nyuma, na nyuma ni maghala ya nafaka. Mvua zimeanza. Nafaka ile ni ya watu.

Nikimjibu, najizika zaidi. Nisipomjibu, magunia ya wanawake walionipigia vigelegele yanaoza. Ujumbe wake bado uko kwenye simu, sijaujibu. Nifanye nini?

Mwanao


5 Mei

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi na nimemwambia asiikalie.

Umefunga maswali mawili kwa kamba moja, ndiyo maana huwezi kunyanyua lolote. Swali la kwanza ni unataka kazi gani. Swali la pili ni nani aliyeifanya kazi hii iliyokwisha fanyika. Wao wamekujibia la kwanza kwa sababu hawakujua jibu la pili, na wewe umeyameza yote mawili kwa pamoja. Yafungue. La kwanza linaweza kungoja. La pili haliwezi, kwa kuwa lina maji ndani yake.

Kutamani kutoka mapema si dhambi. Hata mimi nilitamani. Ubaya ni mtu kukupa unachokitamani kama fidia ya kitu ambacho hajui amekuchukulia.

Usimjibu Miwani kwa simu. Mwambie tu asihamishe mtu hadi ufike. Mwite mkurugenzi sokoni, mchana, wachuuzi wakiwepo. Wapo watakaosema mama anayenyonyesha anatafuta nini kwenye vumbi. Waache waseme. Baba yake ambebe mtoto, twende.

Nimeandika "twende" kana kwamba nami naja. Ingekuwa heri.

Shangazi yako


14 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Wewe na nyumba yako hamjambo? Sisi hatujambo, na nina mengi.

Tulikwenda. Mume wangu alifunga cherehani mchana, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Akambeba mtoto mgongoni. Mama Vitunguu alipotuona akawaambia wenzake, "Tazameni mwanamume aliyepangwa vizuri!" Mume wangu akamjibu, "Mama, ukioa ratiba nawe utapangika."

Mkurugenzi alikuja na gari, uso umejaa maswali. Miwani alikuwa amesimama kwenye jua akifuta miwani yake tena na tena. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yote yakaniponyoka. Nikasema moja tu: "Naomba mfereji huu ujaribiwe kwa maji sasa hivi." Mafundi wakaleta mapipa, wakamwaga kwenye mdomo wa mfereji upande wa samaki.

Nikueleze vizuri ilivyokuwa. Maji yalishuka kwa kasi nzuri hadi kwenye mkunjo. Pale yakasita. Ukingo wa ndani umejengwa juu kuliko wa nje, kinyume cha tulivyoelewana, na baada ya mkunjo hakuna mteremko kabisa, ni kama sinia. Maji yakajaa, yakafikiri, yakageuka. Yakarudi taratibu hadi kwenye sakafu ya nafaka. Suluhisho si kubomoa mfereji wote, kama mkandarasi alivyoanza kupiga kelele. Inatosha kuvunja ukingo ule, kushusha sakafu ya mfereji kuanzia kwenye mkunjo hadi kwenye shimo la maji machafu mwishoni, na kuweka shimo dogo la kupokelea hapo katikati ili magamba ya samaki yasizibe. Wale wa nafaka wanyanyue magunia juu ya mbao kwa sasa. Nilichora chini kwa kijiti, fundi akaelewa mara moja.

Maji yalifika kwenye viatu vya mkurugenzi. Mama Vitunguu akasema, "Mkuu, yamekuja kukusalimia."

Mkurugenzi akamgeukia Miwani. "Ulijua?"

Miwani akavua miwani. "Sikujua, mkuu. Mimi… kila nilichofanya nilikuwa nampigia dada."

"Mara ngapi?"

"Kila siku."

"Na ule mgomo?"

"Aliyezungumza ni yeye. Mimi nilishika simu."

Mama Vitunguu akadakia, "Na aliishika vizuri, hakuiangusha!" Watu wakacheka, naye Miwani akacheka, machozi yakiwa karibu. Nilimhurumia. Sikutarajia kumhurumia.

Mkurugenzi akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Nikasema, "Nilikuomba kikao, mkuu. Ukaniletea beseni."

Aliviangalia viatu vyake vilivyolowa. Kisha akasema mbele ya wote kwamba alikosea. Barua ameiweka kando. Akasema nimjibu Jumatatu: nikitaka mradi, ni wangu, na Miwani atabaki msaidizi. Nikitaka nafasi nyepesi, nayo ni yangu, na safari hii itakuwa kwa kuchagua mwenyewe.

Nilidhani nikifikia hapo nitajua. Nimefika, na sijui zaidi ya mwanzo. Zamani nilikuwa na mtu wa kumlaumu, sasa nimebaki na mimi tu. Nikimtazama mtoto nasema nyepesi. Nikikumbuka mkunjo ule nasema mradi. Nikimuuliza mume wangu, anasema, "Cherehani yangu ipo hapahapa, na mtoto ananijua. Chagua." Nikamwambia angalau anisukume upande mmoja. Akasema, "Nimeoa meneja. Nisukume niende wapi?" Jana usiku mtoto aliamka kila nilipofumba macho, nami katikati nikawa nahesabu sababu za huku na za kule, nikizichanganya na nepi. Asubuhi nilimimina unga wa sabuni kwenye buli la chai.

Shangazi, umeishi, umesoma, umepanga barabara. Nichagulie. Nitafuata.

Mwanao


16 Mei

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, tena marahaba. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikasimama tena. Huku sote wazima. Mwambie mumeo kwamba nami nampigia vigelegele, japo sitavisikia vizuri.

Sitakuchagulia. Si kwamba sina maoni. Maoni ninayo mengi kuliko meno. Lakini umetoka juzi tu kwenye uamuzi uliofanywa na mtu mwema kwa niaba yako, na mimi sitaki kuwa mtu mwema wa pili.

Nitakuonyesha tu nilichokiona, maana kueleza ndiyo kazi iliyonibakia. Kuhusu nafasi nyepesi umeniandikia mstari mmoja. Kuhusu mkunjo wa mfereji umeandika aya nzima, na katikati yake hukunitaja mimi, hukumtaja mkurugenzi, wala hukusema hujui. Huenda hilo lina maana. Huenda halina, pengine ni mfereji tu umekupendeza. Mimi mwenyewe nimezunguka na jambo hili tangu asubuhi, nikaona upande huu una haki, nikaona na upande ule unayo. Msichana mdogo hukua mara moja tu. Soko nalo hujengwa mara moja. Asikudanganye mtu kwamba ukipanga vizuri utapata vyote kwa kipimo sawa. Siku moja mtoto atapunjwa, siku nyingine mradi utapunjwa, na kazi yako itakuwa kuangalia asipunjwe mmoja siku zote. Hilo ni kweli kwa nafasi nzito na kwa nafasi nyepesi pia.

Tena jiulize kama Miwani akipata mtoto ataulizwa swali hili. Usimchukie kwa hilo. Jiulize tu.

Lakini mambo haya hayaamuliwi na mtu aliyetia sabuni kwenye buli. Unaniuliza unataka nini, nami naona kwamba kwa sasa hata jina lako ukiulizwa utasita. Mashaka yako mengine ni ya kweli na yatakungoja hadi Jumatatu. Mengine ni usingizi tu, umevaa nguo za mashaka. Huwezi kuyatenganisha ukiwa macho.

Basi leo, ukimaliza kusoma hapa, mpe baba yake mtoto, zima simu, funga mlango, ulale.

Shangazi yako